Taa, Chanja na Mawese: Vijana wa Mwambao, kutoka Rumonge hadi Kabonga



Kamati ilipogawa kurasa za toleo hili la kumbukumbu, wengine walipewa kuandika juu ya safari, wengine juu ya shule, na wengine juu ya marehemu wetu. Sisi watu wa mwambao tulipewa kueleza jinsi vijana wa kwetu, kutoka Rumonge kushuka Nyanza-Lac hadi Kabonga mpakani, walivyokuwa wakijitafutia riziki. Tuliipokea kazi hiyo kwa furaha, kwani tunaona jambo hili limeanza kusahauliwa. Watoto waliozaliwa hapa kambini wanamjua ndagala kama kitu kinachopimwa kwa kikombe sokoni. Hawajui mwalo, hawajui karabai, na wengine hawajaliona ziwa hata mara moja.

Tunayo na sababu ya pili. Siku hizi kila semina tunayoitwa tunafundishwa ujasiriamali. Tunaambiwa kijana aitazame shida iliyo mbele yake, aigeuze iwe biashara. Maneno hayo ni mema na hatuyapingi. Lakini husemwa kana kwamba ni habari ngeni kwetu, na kana kwamba kinachokosekana ni akili ya kijana tu. Tukirudi nyuma tukaangalia historia ya mwambao, tunakuta akili ilikuwapo wakati wote. Kilichokuwa kikija na kuondoka ni njia ya kumfikia mnunuzi. Basi tunaomba wasomaji watuvumilie tuanze mbali kidogo.

Kwanza mahali penyewe. Kabonga iko kusini kabisa mwa mwambao wa Burundi, katika komini ya Nyanza-Lac, ambayo kwa mgawanyo uliodumu hadi mwaka 2025 ilikuwa katika mkoa wa Makamba. Ukivuka mpaka unaingia Tanzania, na kijiji cha Kagunga hakiko mbali. Ukienda kaskazini unafika Nyanza-Lac, kisha Rumonge, na kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita zipatazo 75. (Kwa faida ya vijana wanaobishana kila siku: Rumonge ilikuwa chini ya Bururi, ikafanywa mkoa wake mwaka 2015, na mwaka 2025 mikoa ilipopunguzwa ikaingizwa katika mkoa wa Burunga. Wote wanaobishana wana haki, kila mmoja kwa mwaka wake.) Nchi yetu ni kipande chembamba cha Imbo, mlima nyuma na maji mbele. Wafanyabiashara wa Ujiji walipita humo tangu karne ya 19, na ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha ya mialo na masoko yetu, hata kwa mtu ambaye nyumbani anasema Kirundi.

Shida ya kwanza ya mwambao ilikuwa giza. Ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa, huishi mbali na ufuko, katika ziwa ambalo kina chake hufika mita 1,470. Mchana hushuka chini, mkono wa mtu hauwafikii. Usiku hupanda, na wakiona nuru hukusanyika. Wazee walilijua hilo zamani sana. Waliwasha moto wa kuni au matete kwenye mtumbwi, na samaki walipokusanyika wakawachota kwa wavu wenye mpini mrefu, uitwao lusenga. Kazi hiyo ililisha nyumba na majirani, lakini haikuweza kukua. Moto ulizimwa na mvua, na mtumbwi uliojaa kuni ulibaki na nafasi ndogo ya samaki.

Katika miaka ya 1950 zikaja karabai za mafuta ya taa. Ukaja pia wavu mkubwa unaoshushwa na kuinuliwa kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, ambao wengi wetu tunauita kipe. Katika miaka hiyo hiyo Wagiriki waliokuwa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, walileta vyombo vya injini na nyavu za kuzungushia. Ungedhani mvuvi mdogo amekwisha. Haikuwa hivyo. Vyombo vya Wagiriki vilitaka mtaji, mafundi na mafuta mengi. Kipe kilitaka mitumbwi miwili, wavu, karabai chache na vijana wenye mikono. Kufikia miaka ya 1990, vita na upungufu wa samaki vilikuwa vimeuvunja uvuvi wa vyombo vikubwa upande wa Burundi, na baadhi ya vyombo hivyo vikahamia kusini, Zambia. Kipe kikabaki, kikakua, hata zikatokea nyavu kubwa zaidi zilizoitwa Apollo.

Tukitaka kuwaona vijana wa biashara, tusitazame mwenye kipe, maana huyo kwa kawaida alikuwa mtu mzima mwenye mali. Tutazame waliokaa ufukoni. Karabai ikififia katikati ya ziwa, usiku wa watu wengi umepotea, pamoja na mafuta yao. Kwa hiyo kijana aliyejua kuzibua tundu la karabai kwa sindano nyembamba, kubadilisha ngozi ya pampu, na kufunga kile kitambaa chepesi kinachowaka bila kukirarua, alipata fedha kila jioni na hakuwa na mtumbwi wala kasia. Mwenzake aliuza mafuta ya taa kwa chupa, kwa sababu si kila mtu aliweza kununua dumu zima. Wa tatu alishona nyavu.

Huyu mshona nyavu alikuwa na akili ya pekee, nasi tunapenda kumsifu. Siku za mbalamwezi taa haina kazi, kwa kuwa ziwa lote lina nuru na ndagala hawakusanyiki. Wavuvi hukaa nchi kavu kama juma moja, mifuko mitupu. Ni siku hizo hizo ndipo nyavu huanikwa na kushonwa. Yeye alikula wakati wengine wanafunga mkanda, na kama alikuwa na busara alikubali kulipwa kwa samaki wa mwezi mchanga badala ya fedha.

Mabadiliko hayakumwacha kila mtu salama. Miaka ya 2010 na baadaye taa ndogo za umeme wa betri zilienea ziwani, na karabai ikaanza kuwekwa stoo. Fundi aliyejua karabai peke yake alikosa kazi. Aliyepata kipande cha kioo cha kunasa jua na nyaya mbili tatu akaanza kuchaji betri za wavuvi mchana, ili ziende ziwani usiku. Ni ufuko ule ule na jioni ile ile ya wavuvi wenye haraka. Kilichobadilika ni chombo.

Turudi nyuma kidogo, kwani katikati ya habari hii kuna mwaka 1972, na mtu wa mwambao hawezi kuuruka. Tarehe 29 Aprili mwaka huo machafuko yalianzia kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac, na yaliyofuata nchi nzima kila mwenye familia anayajua. Wengi wa mwambao walivuka kwenda Kigoma, kisha wakapelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo iliyofunguliwa mwaka 1978. Wavuvi wakajikuta porini, bila ziwa. Hata hivyo walipewa mashamba, hekta kama 5 kwa familia, na walichovuna waliweza kukiuza. Vijana waliokuwa wakivuta nyavu wakajifunza kukausha tumbaku. Mahindi ya makazi hayo yakalisha watu wengine, na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Tunaomba wasomaji wakumbuke habari ya mashamba yale na ruhusa ya kuuza, kwa maana tutairudia.

Nyumbani nako, nyuma yao, mwambao wa Rumonge ulijaa michikichi. Ilikuwapo tangu zamani, lakini miaka ya 1970 mradi wa serikali uliipanda kwa mistari na kwa wingi, na sehemu ya mashamba hayo ilikuwa ardhi ya watu waliokimbia. Kesi zake zilifika hadi kwenye Tume ya Ardhi iliyoundwa mwaka 2006, na hatutaki kuzifungua hapa. Tunasema tu kwamba mchikichi ulizaa biashara nyingi kuliko mmea mwingine wowote wa kwetu, na nyingi zilianzwa na watu wasio na mchikichi hata mmoja.

Kazi ya mawese huanza kwa kupanda juu ya mti, na kupanda ni kazi ya kijana. Mikungu ikishuka huachwa siku chache ili chikichi zilegee, kisha huchambuliwa, huchemshwa, hutwangwa au kusagwa, na hukamuliwa. Mafuta mekundu huenguliwa juu ya maji. Kila hatua ina mtu wake wa kulipwa. Mwenye shamba asiyeweza kupanda humlipa mpandaji. Asiye na kinu hulipia kinu cha mkono cha mwenzake, mara nyingi kwa sehemu ya mafuta yenyewe. Kokwa zinazobaki, yaani mise, wengine walizitupa au kuziweka njiani zizuie matope. Akina mama na vijana waliozipasua walipata mafuta mengine, meupe, yanayofaa sabuni na kujipaka. Hapo shida ya mmoja, yaani uchafu uliorundikana nyuma ya kinu, ikawa bidhaa ya mwingine.

Kutoka kwenye mafuta si mbali kufika kwenye sabuni. Bujumbura kuna kiwanda kikubwa cha Savonor kinachotumia mawese, na sabuni yake ilifika kila duka la mwambao. Maadamu ilikuwa ikifika, sabuni ya nyumbani ilikuwa ya maskini. Mambo yaligeuka katikati ya miaka ya 1990. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Julai 1996, nchi jirani zilikutana Arusha tarehe 31 Julai zikaifungia Burundi biashara. Vikwazo hivyo vililegezwa kidogo kidogo, na vilisimamishwa tarehe 23 Januari 1999. Kwa miaka hiyo miwili na nusu, mafuta ya gari na vitu vya dukani vilipanda bei hata mtu wa kawaida akavitazama kwa mbali.

Ndipo sufuria za sabuni zikatoka uani. Mawese hupashwa moto, hutiwa magadi makali ya dukani yaliyoyeyushwa kwa maji, hukorogwa bila kuacha mpaka yashike, halafu humwagwa kwenye kasha la mbao na kukatwa vipande. Magadi yalipokosekana wazee wa kike waliwakumbusha vijana njia ya kale: kuchoma vikonyo vya mikungu ya chikichi na maganda ya ndizi, kuchuja maji ya majivu, na kupikia hayo. Sabuni ya majivu ni laini na nyeusi, haikatiki vipande, huuzwa kwa kuchotwa. Lakini inatakasa. Baadhi ya wapishi wa sabuni tulionao kambini walijifunza kwa mama zao waliopika miaka ile.

Kuna na biashara nyingine ya miaka ile ambayo watu hupenda kuisimulia kwa majigambo, nayo ni kuvuka. Kabonga ikiwa mlango wa mwisho, mitumbwi ya usiku ilileta mafuta ya petroli, chumvi na vitenge kutoka vijiji vya Kigoma, ikarudi na mawese na samaki. Vijana kadhaa walipata nyumba za bati kwa njia hiyo. Wapo waliozama, wapo waliopotea bila habari. Sisi hatuwezi kuyaita yale mafanikio, ingawa hatuwezi kukana kwamba yalilisha watu. Vikwazo vilipoondoka faida ilianguka, na wengi hawakuwa na kazi nyingine mkononi. Kuanzia mwaka 2022, petroli ilipokuwa adimu tena Burundi, tulisikia madumu yamerudi njiani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tunaliona ndilo bora kuliko yote, ingawa halina majigambo: chanja.

Ndagala akitoka majini asubuhi hana muda mrefu. Ni mdogo, jua la Imbo ni kali, na mchana akiwa bado mbichi ameharibika. Anayeweza kuuzwa mbichi ni yule aliye karibu na barabara na gari lililo tayari. Wengine wote lazima wakaushwe. Tangu zamani walikaushwa juu ya mchanga wa ufuko. Wote tuliokulia mwaloni tunajua maana yake: mchanga katika mboga, kuku wanaodona, mbuzi wanaopita, na mvua ikinyesha ghafla mali yote inageuka uji. Kwa hesabu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kama asilimia 15 ya ndagala walikuwa wakipotea kwa kukaushwa hivyo. Tena mnunuzi wa milimani alikuwa na haki ya kutoa bei ndogo, kwa kuwa alinunua na mchanga pia.

Mwaka 2004 mradi wa FAO ulionyesha, katika mialo ya Mvugo na Muguruka, kitu ambacho kila mtu akikiona hujiuliza mbona hakukifikiria: meza ndefu za miti, kama mita moja kutoka ardhini, zilizotandikwa wavu wa waya. Hewa hupita juu na chini. Samaki hugeuzwa kwa urahisi, hawana mchanga, na mvua ikija hufunikwa. Kilichokuwa kikichukua siku kadhaa kikawa kazi ya siku moja ya jua. Si kitu kigeni, kwani hata nyumbani tunayo chanja ya vyombo nyuma ya jiko. Kigeni kilikuwa kuitandika ufukoni kwa ajili ya ndagala.

Jambo la kuangalia ni yaliyotokea baada ya mradi wenyewe kumalizika. Mara nyingi mradi ukiondoka, ubao wenye jina lake hubaki peke yake. Mara hii watu waliendelea kujenga. FAO iliporudi kuhesabu mwaka 2013, watu waliopata kazi katika ukaushaji huo, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, walikuwa wametoka 500 hadi 2,000. Eneo la kukaushia lilikuwa limetoka chini ya ekari moja hadi ekari tano. Kilo moja ya ndagala wakavu ilikuwa imetoka faranga 4,000 hadi 9,000. Hapa tuseme kwa uaminifu kwamba faranga yenyewe ilipoteza thamani katika miaka hiyo, kwa hiyo ongezeko lote lisihesabiwe kuwa ni la chanja. Lakini tofauti ya bei kati ya ndagala wa mchanga na ndagala wa chanja, siku moja, soko moja, haikutokana na faranga.

Wakaushaji wengi ni akina mama. Vijana waliingia kwa mlango wa pembeni, kama ilivyo desturi ya biashara za vijana. Wapo waliokata miti na kusimamisha meza kwa malipo. Wapo waliojenga meza zao wakazikodisha kwa siku kwa mama asiye na mtaji wa wavu wa waya. Wapo waliokusanya ndagala wakavu wa akina mama kumi, wakajaza magunia, wakapanda nao milimani ambako samaki mbichi hawezi kufika. Huyu wa mwisho ndiye aliyefanikiwa zaidi, na sababu yake si fumbo. Ndagala mkavu asiye na mchanga hukaa miezi, na kinachokaa miezi kinaweza kumsubiri mnunuzi. Chanja iliwapa watu wa ufuko muda, na muda ukawafikisha kwenye soko lililokuwa mbali.

Mtaji nao ulitoka wapi? Benki hawakuijua. Ulitoka kwenye upatu, ambao ndugu zetu wa Fizi na Uvira huuita likelemba, na baadaye kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vyenye sanduku na funguo tatu. Kwa hili tutapita haraka, kwa kuwa toleo hili lina ukurasa mzima juu ya vikundi hivyo.

Hapa vijana wetu watauliza: je, hakuna mtu wa kwetu aliyefika mbali zaidi ya ufuko? Yupo. Mwaka 2013 kijana Mrundi, Gérard Niyondiko, aliyekuwa akisoma katika chuo cha uhandisi cha 2iE huko Ouagadougou, pamoja na mwenzake Moctar Dembélé wa Burkina Faso, walishinda mashindano ya kimataifa ya biashara za kijamii yaliyofanyika Berkeley, Marekani, wakapata dola 25,000. Wazo lao lilikuwa sabuni ya kufukuza mbu, iitwayo Faso Soap. Malaria inaua, dawa na vyandarua vina gharama, lakini karibu kila nyumba hununua sabuni. Basi kinga iingie ndani ya sabuni. Mtu wa mwambao anaielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa. Lakini tuwaeleze vijana na upande wa pili. Mwaka 2016, miaka mitatu baada ya zawadi, Niyondiko alikuwa bado anachangisha fedha ili sabuni ifanyiwe utafiti na kufika sokoni. Cheti cha ushindi na sabuni iliyo juu ya meza ya duka ni vitu viwili, na kati yake kuna njia ndefu. Hatusemi haya kumpunguzia heshima. Tunaona kwamba hata mwenye elimu na zawadi alikwama pale pale wanapokwama wapishi wetu wa sabuni.

Habari ya mwaka 2015 imeandikwa na wenzetu kwa kirefu, hivyo sisi tutagusa Kagunga tu. Kuanzia mwezi wa Aprili watu walivuka kwa miguu na kwa mitumbwi, na mwezi wa Mei makumi ya maelfu walikuwa wamejazana katika kijiji hicho kidogo chenye mlima mgongoni, pasipo barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu wapatao 30. Meli ya Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilibeba watu kama 600 kwa safari kwenda Kigoma, na kwa kuwa hapakuwa na gati, watu walipelekwa melini kwa mitumbwi midogo. Katika hali ile, ambayo mtu angedhani hakuna la kufanya ila kulia, vijana wa mwambao walionekana wakichota maji mbali na umati, wakichemsha, wakiuza chai. Wengine wakibeba mizigo ya wazee hadi kwenye mitumbwi. Wapo waliowalaumu kwamba wanawauzia ndugu zao maji. Tumelizungumza hilo mara nyingi, na hatujakubaliana. Wengine kati yetu wanasema maji ya kuchemshwa yalikuwa dawa, na kuni hazikuokotwa bure.

Kambini walikuja na ujuzi wote tuliousimulia. Mwaka wa kwanza haukuisha kabla hujaona meza za kuchajia simu, mafundi wa baiskeli, sufuria za sabuni, na mama wa Nyanza-Lac akianika mboga za majani juu ya chanja, kwa kuwa ndagala wabichi hawapo. Soko la pamoja na wanavijiji wa jirani lilipokuwa wazi, sabuni yetu ilitoka na mahindi yao yakaingia. Wapishi wa sabuni wawili watatu waliajiri wenzao. Kisha, kati ya mwaka 2018 na 2019, masoko ya pamoja ya kambi za Kigoma yalifungwa. Kwenda zaidi ya kilomita 4 bila kibali hakuruhusiwi. Sabuni ilibaki na wanunuzi wale wale wanaopewa sabuni ya mgao. Mpishi mmoja alituambia kwamba hakusahau kupika. Alikosa wa kumuuzia. Tunaomba watoa semina wayaweke maneno hayo mbele yao wanapotufundisha. Na ndiyo sababu tuliwaomba wasomaji wakumbuke wazee wa Mishamo: watu wale wale, wa ufuko ule ule, walifanikiwa mbali na ziwa walipopewa shamba na ruhusa ya kuuza.

Kwa wanaojiandaa kurudi, tunawapa habari za mwambao kama zilivyo. Maji ya ziwa yamepanda sana katika miaka ya karibuni; mwaka 2024 yalifunika nyumba Rumonge na Gatumba, na baadhi ya fuko za kukaushia si zile mlizoziacha. Upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, katika mpango ambao nchi zote nne za ziwa zilikubaliana. Anayetaka kuishi kwa ndagala ajipange kwa miezi ya namna hiyo, kama wazee walivyojipanga kwa mbalamwezi. Anayetaka mchikichi ajue kwamba ukiupanda leo utangoja miaka mitatu au minne kabla ya mkungu wa kwanza, na kabla ya kupanda aulize shamba ni la nani.

Hapa kambini, mzee mmoja wa Kabonga ameanza kufundisha kushona nyavu kila Jumamosi mchana, nyuma ya ofisi ya Kamati, kwa nyuzi zilizofumuliwa kutoka kwenye magunia ya mgao. Vijana kumi na wawili wanahudhuria. Wasichana ni wanne, na mzee anasema fundo zao ni imara kuliko za wavulana. Anahitaji sindano za mbao. Mwenye kisu kizuri na mti mgumu aonane naye.